Kichanja kilichopimwa wakati wa mbalamwezi: uchambuzi wa kisa kimoja cha studio ya ubunifu, Mwanza

Usuli

Kisa hiki kinamhusu mwanafunzi wa mwaka wa pili wa ubunifu wa bidhaa katika chuo kimoja jijini Mwanza. Jina lake, la chuo na la mwalo (ufuko ambako mitumbwi ya uvuvi hutia nanga) alikofanyia kazi yameachwa, na mambo machache yasiyogusa hoja yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Nimeyakusanya kutoka kwenye daftari lake la kazi, mazungumzo naye baada ya muhula kwisha, na niliyoyaona mwenyewe nikiwa msaidizi wa studio na mmoja wa waliokaa kwenye jopo la mwisho.

Agizo la kazi lilikuwa fupi. Mwanafunzi atafute mahali ambapo kitu kinapotea bure, abuni kifaa kimoja cha kupunguza upotevu huo, akitengeneze kwa ukubwa halisi kwa vifaa vinavyouzwa hapa hapa Mwanza, na gharama isizidi shilingi 50,000. Agizo la namna hii huzaa mambo yale yale. Kila mwaka lazima atokee mtu na mkoba uliosukwa kwa magugu maji. Mkoba unasifiwa, unapigwa picha, na haununuliwi na mtu. Huyu wetu alichagua dagaa. Alikulia kwenye nyumba iliyolishwa na biashara hiyo, na harufu ya mwalo haikumtisha kama ilivyowatisha wenzake.

Kwa msomaji aliye mbali na ziwa: dagaa wa Ziwa Victoria, ambao Wakenya huwaita omena na Waganda mukene, ni samaki wadogo wa rangi ya fedha wanaovuliwa usiku kwa taa. Zamani taa zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni za betri na sola. Mitumbwi ikirudi asubuhi, wanawake hununua kwa ndoo na kuanika: mchangani, juu ya mawe makubwa ambayo Mwanza haina uhaba nayo, juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa chini, au kwenye vichanja, yaani meza ndefu za miti zilizotandikwa wavu. Dagaa wa kichanjani hawana mchanga, na upepo huwapitia juu na chini. Jua likiwa kali, siku moja inatosha. Mvua ikikatiza, dagaa hulainika na kuanza kunuka, na mzigo uliokuwa uende soko la Mwaloni Kirumba kama chakula cha watu huishia kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku.

Ziara mbili za kwanza

Mwanafunzi alifika mwaloni wiki ya pili ya muhula akiwa tayari na mchoro mkononi. Lilikuwa sanduku la nailoni la kunasa joto la jua, lenye tundu la kutolea mvuke, limechorwa vizuri sana. Alimkuta mama mmoja mwenye vichanja, akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu," akakaribishwa kwenye kigoda. Mama aliutazama mchoro kwa heshima zote, kisha akasema, "Jua tunalo, mwanangu. Mvua ndiyo inatumaliza."

Sanduku likafa siku hiyo hiyo. Hapa mwanafunzi anastahili sifa, kwa sababu watu wengi wakishachora kitu kizuri hutafuta tatizo la kukifaa. Yeye aliandika daftarini: "Jua si tatizo. Tatizo ni mvua ya ghafla mchana." Akaendelea kuuliza. Alipata majibu marefu na ya kina: mvua hutoka upande gani, hukusanya dagaa na nani, huwaweka wapi, hupoteza kiasi gani. Akapima vichanja urefu, upana na kimo. Vingi vilikuwa vitupu, kwa hiyo kupima kulikuwa rahisi.

Ratiba ya studio ilikuwa na wiki mbili za kutoka nje, ya pili na ya sita. Ziara ya pili ikawa wiki nne baadaye. Mwalo ulikuwa mtulivu vile vile: vichanja zaidi ya nusu vitupu, mitumbwi imevutwa nchi kavu, wanaume wanashona nyavu. Daftari la siku hiyo lina sentensi iliyopigiwa mstari: "Nafasi ya kuanikia inazidi mahitaji. Kinachokosekana ni kifuniko."

Paa la bawaba

Kutokana na sentensi hiyo alibuni kichanja chenye paa la turubai la kukunjuka. Paa lilifungwa kwa bawaba upande mmoja. Mvua ikija unalivuta juu ya dagaa, ikikatika unalirudisha. Alitengeneza mfano mdogo, sehemu moja kwa kumi ya ukubwa halisi: vijiti vya kuchokolea meno vikawa miti, chandarua kikawa wavu, mfuko wa nailoni ukawa turubai, na dagaa wakawa vipande vya karatasi ya chokoleti. Ulikuwa mfano wa kupendeza. Kwenye kikao cha ukosoaji cha katikati ya muhula kila mtu aliufungua na kuufunga, mimi nikiwemo, na hakuna aliyeuliza zaidi ya rangi ya turubai.

Kupanda kwenda ukubwa halisi kulileta shida ya kwanza. Alinunua mirunda, yaani miti ya kujengea, misumari, bawaba za mlango na turubai. Siku ya kulijaribu nyuma ya karakana tulilimwagia maji kwa ndoo. Maji hayakuteremka, yalikaa katikati, turubai likafanya tumbo, tumbo likazidi kushuka, na mrunda wa juu ukapinda hadi ukagusa wavu. Akaongeza mti wa mgongo katikati ili paa liwe na miteremko miwili. Likakubali. Paa sasa lilikuwa zito, na mtu mmoja hakuweza kulivuta bila kuzunguka kwenda upande wa pili kulinyoosha, lakini muda ulikuwa unakwenda na jambo hilo liliandikwa daftarini kwa mstari mmoja tu.

Kwa kuwa kichanja kizima hakikuenea kwenye guta, yaani mkokoteni wa magurudumu matatu wa kubebea mizigo, aliamua wavu usipigiliwe misumari kwenye miguu. Aliushona kwenye mirunda miwili ya kando na kuutundika kwenye ndoano, ili utolewe wakati wa kusafirisha. Huo ulikuwa uamuzi wa usafiri, haukuwa na wazo lolote ndani yake.

Siku ya giza

Wiki ya tisa alipeleka kazi mwaloni. Hakuutambua mwalo. Vichanja vyote vilikuwa vimejaa, tena dagaa wamerundikwa tabaka nene. Mchanga umejaa, mawe yamejaa, hata paa la banda la mabati lilikuwa na dagaa juu. Wanawake walikuwa kwenye maji hadi magotini wakigombea ndoo kwenye mitumbwi. Salamu yake iliitikiwa na mtu mmoja, tena akiwa anapita.

Alipompata yule mama na kumuuliza kulikoni, mama alicheka. "Ulikuja mbalamwezi, mwanangu. Mbalamwezi hata mimi nalala."

Taa ya mvuvi huvuta dagaa kwa sababu ndiyo mwanga pekee kwenye maji. Mwezi ukiwa mkubwa taa inashindwa kazi, na wavuvi wengi wa dagaa hupumzika siku kadhaa hadi giza lirudi. Mwaloni kila mtu anajua. Ni kama kumwambia mtu kwamba Jumapili kuna ibada. Hakuna aliyemficha mwanafunzi, na hakuna aliyefikiri kuna haja ya kumwambia.

Mchana mvua ikaja. Kilichofuata mwanafunzi alikieleza daftarini kwa kurasa nyingi, na ndizo kurasa bora za daftari zima. Paa lake lilifungwa kwa msaada wa kijana mmoja, na dagaa wa chini yake walisalimika kwa muda, mpaka upepo wa ziwani ulipoingia ubavuni na kulibeba turubai kama tanga. Wakati huo wanawake walikuwa wanakusanya dagaa kwa mikono na mafagio, wanawatia kwenye salfeti, wanakimbilia bandani. Dagaa walioloa nusu, wakirundikwa kwenye salfeti, hupata joto, hushikana na kukatika vichwa. Kwa hiyo hata waliookolewa wasinyeshewe walikuwa wanaharibika.

Kisha mama, ambaye dagaa wake ndio waliokuwa kwenye kichanja cha majaribio, aliona kwamba wavu unatoka kwenye ndoano. Akamwita binti yake. Mmoja akashika mirunda upande huu, mwingine upande ule, wakaunyanyua wavu na dagaa wake wote, wakatembea nao hadi bandani na kuuweka juu ya mapipa mawili. Hakuna dagaa aliyeguswa kwa mkono.

Uamuzi wa kuacha paa

Zilibaki wiki nne. Mkufunzi wake alimshauri alimalize paa: alitie kamba za kulizuia upepo na kulisafisha kwa maonyesho, kwa kuwa ukamilifu wa kazi una alama nyingi. Ushauri huo haukuwa wa kijinga. Mwanafunzi anayebadilisha kazi wiki ya kumi mara nyingi hubaki na nusu mbili za kitu.

Mwanafunzi alibadilisha. Sababu alizoandika ni mbili. Ya kwanza, paa hufunika kichanja kimoja, na siku ya giza mama huyo ana vichanja vingi na dagaa wengine chini; hata kama kila kichanja kingekuwa na paa, mvua haimpi muda wa kuvizungukia vyote. Ya pili ni ya bei: turubai peke yake lilikuwa limekula zaidi ya nusu ya shilingi 50,000, na mama alikuwa amemwambia wazi kwamba kwa fedha hizo yeye angenunua ndoo nyingine ya dagaa.

Akatengeneza machela ya kuanikia: mirunda miwili ya mita mbili na nusu, wavu wa upana wa mita moja katikati, na ncha zilizoachwa wazi za kushikia. Ya kwanza ilishindwa papo hapo. Walipoinyanyua ikiwa na mzigo, mirunda ilivutana ikakaribiana, wavu ukawa mfereji, na dagaa wakateremka wakarundikana katikati. Akaweka vijiti vya kutanua kwenye ncha zote mbili, vimechongwa pengo la kukamata mrunda. Mirunda ikatulia. Kisha akaviongezea vijiti hivyo miguu mifupi, ili machela moja ikae juu ya nyingine bandani na upepo upite katikati. Miguu hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo ubunifu wenyewe wa muhula ule: dagaa wanaendelea kukauka, japo polepole, wakati mvua inanyesha. Gharama ya machela moja haikufika nusu ya kiwango kilichowekwa.

Mbele ya jopo

Kikao cha mwisho hakikwenda vizuri. Mjumbe mmoja aliuliza, "Sasa ubunifu uko wapi? Hii si ni machela tu?" Swali lilikuwa halali kwa aliyekuwa na daftari lile mbele yake, kwa sababu mwanafunzi alikuwa ameliandika upya. Alilinakili kwa mwandiko safi na kuondoa karibu kila kitu kuhusu paa, maji yaliyokaa tumboni, upepo na ziara za mbalamwezi. Kilichobaki kilikuwa safari iliyonyooka kutoka kwa mama mwenye shida hadi kwenye miti miwili na wavu. Miti miwili na wavu, bila historia yake, kweli haionyeshi kazi ya miezi mitatu. Daftari la kwanza, lenye madoa ya maji ya ziwa, nililiona baadaye tu.

Alipewa alama ya wastani. Nadhani kifaa kilidhulumiwa, lakini daftari lilipata haki yake.

Baada ya muhula

Machela mbili zilibaki kwa mama. Nilipopita baada ya miezi kadhaa zilikuwa bado zinafanya kazi, lakini si kama zilivyotoka studio. Uzi wa cherehani wa pamba ulikuwa umeoza kwa maji na jua. Mama alizishona upya kwa uzi wa nailoni wa kushonea nyavu. Mirunda aliikata, kwa kuwa mara nyingi hubeba na mjukuu, na mjukuu hawezi urefu ule. Majirani wawili walikuwa wametengeneza za kwao kwa mabanzi, bila miguu. Turubai lilikuwa limefunika kuni.

Uchambuzi

Wepesi wa kusema "alipaswa kuwauliza watumiaji" haufai hapa. Aliwauliza. Aliuliza vizuri, aliwasikiliza, na alitupa mchoro alioupenda kwa sababu ya sentensi moja ya mama. Tatizo ni siku aliyouliza. Ziara zake mbili zilipishana kwa wiki 4, yaani siku 28. Mwezi hukamilisha mzunguko wake kwa siku 29 na nusu hivi. Mtu anayeanza kutembelea mwalo wakati wa mbalamwezi na kurudi kila baada ya wiki nne ataikuta mbalamwezi tena, na atarudi nyumbani akiamini ameona hali ya kawaida mara mbili. Kwake ziara ya pili ilithibitisha ya kwanza. Kwa kweli zote mbili zilikuwa siku moja.

Kuna jambo lingine ndani ya hilo, nalo linanisumbua zaidi. Siku ambayo watu wana nafasi ya kukupa kigoda na kukujibu kwa urefu ni siku ambayo kazi haipo. Mahojiano mazuri hupatikana pale ushahidi ulipo mdogo kabisa. Siku ya giza hakuna aliyezungumza na mwanafunzi, na ndiyo siku aliyojifunza. Sijui mbinu ya kulikwepa hili isipokuwa kwenda mara zote mbili, na mara ya pili kwenda kubeba ndoo badala ya kuuliza.

Mfano mdogo ulidanganya kwa namna hiyo hiyo. Ukikikuza kitu mara 10 kwa kila upande, uzito wake hukua mara 1,000, wakati eneo la mti unaoubeba, likipimwa mahali ulipokatwa, hukua mara 100 tu. Kijiti cha meno hakiwezi kukuonya kwamba mrunda utapinda. Karatasi ya chokoleti haiwezi kukuonya kwamba ndoo ya lita 20 ya dagaa wabichi ina uzito usio mbali na kilo 20, na kwamba uzito huo ukikaa katikati ya wavu utazivuta kando zake zikutane. Mfano ule ulifaa kuonyesha bawaba inavyogeuka, basi. Tuliutumia kuamua mambo ambayo haukuwa na uwezo wa kuyajua, na kikao cha ukosoaji kiliufungua na kuufunga kwa vidole viwili badala ya kuuliza nani atalivuta paa lenyewe, akiwa na nini mkononi, mvua ikiwa imeshaanza. Vichanja vitupu na karatasi ya chokoleti vina kasoro moja: vyote ni kazi isiyo na mzigo.

Kilichofanya kazi? Kupeleka kifaa mwaloni kabla hakijakamilika. Kama angekingoja kiwe kizuri, kingefika wiki ya kumi na mbili, na dirisha la kubadilisha lingekuwa limefungwa. Na wavu wa kutoka, ulioingia kwenye kazi kwa sababu ya guta, ulimpa mama kitu cha kushika. Wanafunzi huuliza wazo lilitoka wapi, wakitarajia jibu la kichwani. Hapa lilitoka kwenye ndoano za usafiri na mikono ya mtu mwenye haraka; sehemu ya mwanafunzi ilikuwa kuliona na kukubali kwamba ni kubwa kuliko paa lake. Hiyo si sehemu ndogo. Nimeona wengi wakimshukuru mtumiaji na kurudi kwenye paa.

Kuhusu daftari, lawama siwezi kumtwisha mwanafunzi peke yake. Fomu ya alama ilikuwa na kipengele cha "mtiririko wa mchakato", na mtiririko alioujua ni mstari mnyoofu. Muhula uliofuata kipengele hicho kiliandikwa upya: mwanafunzi aonyeshe jambo moja aliloliacha, pamoja na kilichomfanya aliache, na kurasa za awali ziletwe kama zilivyo, madoa na yote. Wiki za kutoka nje hazikuweza kuhamishwa, kwa kuwa kalenda ya chuo haipangwi na studio. Ila sasa kila mwanafunzi ana siku moja ya kuondoka darasani kwa tarehe anayoichagua mwenyewe, na anatakiwa aeleze kwa nini ni tarehe hiyo.

Machela ina pengo moja ambalo halijazibwa: inataka watu wawili. Pale mwaloni wapo wanawake wanaoanika peke yao, na hao ndio hupoteza zaidi mvua ikinyesha. Mwanafunzi mwingine amelichukua suala hilo muhula huu. Jaribio lake la kwanza lilikuwa la magurudumu mawili upande mmoja, mfano wa toroli, na alilipeleka wakati wa giza, limejaa dagaa wabichi. Magurudumu yalizama mchangani kabla ya kufika nusu ya njia. Sasa anajaribu kitu cha kuburuta, chenye tako pana kama la mtumbwi.